Makumbusho ya Arusha na Moshi kwa mwalimu mgeni: uanzie wapi, na uangalie nini

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kutoka Kisumu, nimeajiriwa mwaka huu katika shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Arusha. Jumamosi zangu ni tupu, na ningependa kuzunguka niijue historia ya hapa. Nilianza na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Baada ya dakika ishirini nilikuwa nje, nikijiuliza kama ni hayo tu. Niende wapi kwingine, kwa mpangilio gani, na je, sehemu hizi zinafaa kwa wanafunzi wangu wa darasa la tano?

Jibu: Mwalimu, karibu Arusha, na usijilaumu kwa hizo dakika ishirini. Ukumbi wa Azimio ni mdogo, picha zimetundikwa ukutani, maelezo chini yake ni mistari michache. Anayesoma haraka humaliza haraka. Ukija na kipimo cha makumbusho ya Nairobi, kila utakapoingia huku utaona pamebana. Lakini makumbusho kadhaa ya huku hayakujengwa yawe makumbusho. Yamewekwa ndani ya majengo ambamo mambo yenyewe yalifanyika. Kwa hiyo cha kuangalia kwanza ni jengo, cha pili ni mtaa unaolizunguka, na makabati ya vioo yaje mwisho. Panga saa moja ya ndani kwa saa mbili za nje, utaona Jumamosi hazitoshi.

Azimio utalirudia, ila si mwanzoni. Anza na Boma la Wajerumani, mwisho wa Barabara ya Boma, kaskazini ya Mnara wa Saa. Siku hizi ndimo yalimo Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyofunguliwa mwaka 1987. Boma lilijengwa mwaka 1900. Miaka minne kabla yake wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri upande wa Meru, na vikosi vya Wajerumani vikaja kulipiza kisasi. Ngome hii ndiyo iliyofuata. Waliolijenga ni Waarusha na Wameru, kwa kazi ya kulazimishwa, na mji wa Arusha ukakua kulizunguka. Kabla ya kukata tiketi, au mara tu baada ya kukata, lizunguke kwa nje. Angalia unene wa kuta na ua wa ndani, ujiulize jengo lililokusudiwa kuwa ofisi tu lingehitaji kujihami namna ile kwa sababu gani.

Ukiingia ndani, chumba cha utawala wa Wajerumani ndicho cha kuanza nacho. Wageni wengi huvutwa na wanyama waliokaushwa na wadudu, na wanapofika kwenye historia ya Boma lenyewe wamechoka wanatafuta mlango. Baadaye nenda kwenye chimbuko la binadamu. Utaona nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na kikosi cha Mary Leakey miaka ya 1970 na kukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Utaona pia habari za fuvu la Zinjanthropus, jamii ya kale ya binadamu iliyokwisha kutoweka, ambalo Mary Leakey huyo huyo alilipata Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka takriban milioni 1.75. Hapo muulize mhudumu swali moja tu: hiki ni halisi au ni nakala? Fuvu halisi la Zinjanthropus linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na nyayo zenyewe ziko ardhini huko Laetoli. Nakala si aibu, makumbusho yote makubwa duniani yanazo. Ila mtu akijua anachokiangalia ni nakala, huacha kushangaa kitu na kuanza kufikiri kilipatikanaje.

Ukitoka Boma, majengo marefu unayoyaona jirani ni Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC. Haya yanakuhusu wewe Mkenya moja kwa moja. Yalijengwa yawe makao makuu ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Mpaka wa nchi zetu mbili ukafungwa na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulisainiwa mji huu huu, tarehe 30 Novemba 1999. Katikati ya hayo, majengo ya AICC yalikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofunga kazi mwisho wa mwaka 2015. Huhitaji kuingia ndani. Mara nyingi kuna mikutano na walinzi hawapendi kamera, kwa hiyo pita kwa nje, simu ikiwa mfukoni.

Kutoka hapo shika Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi, mwendo wa dakika kama ishirini kwa miguu bila haraka, mpaka kwenye mnara wa Mwenge. Sasa ndipo uingie tena Azimio. Ukumbi ule ulikuwa jengo la kawaida la mikutano ya wananchi. Humo Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikaa kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio, lile tamko la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, likatangazwa tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata benki za binafsi zilitaifishwa. Safari hii usizunguke ukuta mzima. Tafuta sehemu inayohusu miiko ya uongozi usome kila mstari: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Halafu kumbuka kwamba Kenya ilikwishatoa waraka wake wa Ujamaa wa Kiafrika mwaka 1965, ule wa Namba 10, uliokuwa na jina linalofanana na njia tofauti kabisa. Mkenya anayeingia ukumbi ule na waraka huo kichwani huona mambo ambayo Mtanzania aliyelelewa na Azimio huyapita tu. Muulize mhudumu miiko hiyo iliishia wapi. Jibu ni Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililoilegeza, na maongezi huwa mazuri kuanzia hapo.

Ukianza Boma saa tatu asubuhi, utamaliza mzunguko huu kama saa nane mchana pamoja na chakula. Karibu na Mnara wa Saa utafuatwa na vijana wanaouza picha za kuchora na safari za mbugani. Salamu, kisha “sihitaji, asante”, kisha mwendo. Wakisikia Kiswahili chako wengi hukuachia. Mnara wenyewe unasifiwa kuwa katikati ya safari ya Cape Town hadi Cairo. Piga picha, usiende ukafundisha.

Kuhusu karatasi na malipo. Viingilio vya makumbusho hupangwa kwa makundi, kwa hiyo tembea na pasipoti au kitambulisho chako cha taifa, pamoja na kitambulisho cha kazi. Asiye na karatasi huwekwa kundi la wageni, na kubishana na karani hakubadilishi tarakimu. Ngorongoro na kwenye hifadhi za taifa, raia wa Afrika Mashariki ana bei yake ya shilingi, tena hapo wanakagua kitambulisho kweli kweli. Jambo la pili linalowakwamisha Wakenya ni simu. Taasisi za serikali hapa hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo wanayokupa mlangoni, unailipia kwa simu au benki. Ukiwa na laini ya Kenya peke yake utasimama mlangoni ukihangaika. Sajili laini ya hapa kwa pasipoti yako, uweke fedha kabla ya kutoka nyumbani. Noti chache za elfu moja na elfu mbili ziwe mfukoni kwa ajili ya daladala, bodaboda na walinzi wa maeneo ya vijijini.

Jumamosi ya pili iwe ya Tengeru, kilomita kama 13 kwa barabara ya Moshi. Jumamosi ni siku ya gulio, sawa na Jumatano, kwa hiyo daladala zimejaa na barabara ina msongamano. Fika mapema, umalize makaburi kwanza, sokoni uende baadaye. Ndiyo, makaburi. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi karibu 150. Hawa walihamishwa kwa nguvu kutoka Poland hadi Urusi ya Stalin, wakaachiliwa mwaka 1941, wakapitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wapatao 5,000 wakapewa kambi Tengeru, huku wengine wakipelekwa Masindi na Koja kule Uganda. Palikuwa na shule, kanisa na hospitali. Kuna mtunzaji anayefungua lango na kueleza. Mwachie kitu, na kama kuna daftari la wageni andika jina lako. Angalia tarehe za kuzaliwa na kufa juu ya mawe. Tarehe hizo zinaeleza kambi ile kuliko kibao chochote.

Ukanda huo huo ndio wa Wameru, na kuna habari moja ambayo haina jumba lake, nami naona ndiyo kubwa kuliko zote za upande huu. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, kaskazini ya Mlima Meru, ili ardhi ipewe walowezi. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi yake Moshi. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini Tanganyika nzima ilijifunza njia. Nyerere naye alifika Umoja wa Mataifa mwaka 1955. Ukikaa na mzee wa Kimeru pale Poli au Usa River, mwamkie, jitambulishe kuwa mwalimu, halafu ndipo uulize habari za Kirilo. Ukianza na swali kabla ya salamu utapewa jibu la neno moja.

Moshi ni kilomita 80 hivi, na kwa Coaster ni saa mbili, kwa sababu ya vibao vya mwendo wa 50 na askari wa usalama barabarani. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mlima huonekana alfajiri na jioni, kukipambazuka sana mawingu huuvaa. Treni ya abiria imerudi Arusha tangu mwaka 2020, ila kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo usiitegemee.

Mjini Moshi nenda kituo cha reli kwanza. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1911, na Arusha ikasubiri mpaka 1929. Boma la Wajerumani la huku lilikuwa juu mlimani, Old Moshi, ambako reli isingeweza kupanda. Kituo kikajengwa chini kwenye tambarare, biashara zikashuka kukifuata, na mji ukahamia hapo. Ndiyo sababu mkoa una Moshi mbili. Kutoka kituoni tembea mpaka jengo la KNCU, chama cha ushirika wa kahawa. Wakulima wa Kichagga walianza kujipanga mwaka 1925, na mwaka 1933 chama chao kikawa KNCU, wakati kwenu wenye kahawa walikuwa bado ni walowezi. Jengo hilo liangalie kwa ukubwa wake. Ni fedha za wakulima wenye vihamba vya migomba na kahawa, si za kampuni ya kigeni.

Halafu panda Old Moshi. Hapa usiende Jumapili asubuhi, watu wako ibadani na hutapata mtu wa kukuongoza. Usiende pia Machi hadi Mei bila viatu vya kushika udongo, maana njia za tope hukataa hata bodaboda. Uliza Tsuduni, kwa Mangi Meli (mangi ni mtawala wa Kichagga), ukianzia ofisi ya kijiji ili upewe mwenyeji, na mkubaliane malipo kabla ya kuanza kutembea.

Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Mwaka 1892 jeshi lake liliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na viongozi wengine, jumla watu 19, wakiwemo wa Kibosho, Meru na Arusha, kwa tuhuma za kupanga maasi. Mti unaonyeshwa mpaka leo. Kichwa cha Meli kinasemekana kilipelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba mjini Berlin vilipata mafuvu yenye uhusiano na koo mbili za Kilimanjaro zilizo hai, lakini la Meli halikuwa miongoni mwao. Kwa wenyeji wa pale huu ni msiba ambao haujaisha. Piga picha baada ya kuomba, na usipige ukiwa umeegemea mti unacheka. Wageni hufanya hivyo.

Je, umeona mwaka 1900 umejirudia? Boma la Arusha na mti wa Old Moshi ni tukio moja lenye pande mbili, na makumbusho hayakuelezi hivyo kwa sababu kila moja linasimulia mji wake. Kuunganisha ni kazi yako, na ndiyo sababu nimesisitiza uanze na Boma.

Marangu iwe safari nyingine, kwa kupitia Himo. Utakuta makumbusho ya utamaduni wa Kichagga: nyumba ya msonge, ng'ombe na mbuzi wakilala ndani pamoja na watu, zana za chuma, namna mifongo ilivyopeleka maji mashambani, na mbege, pombe ya ndizi, ukitaka kuonja. Ni nyumba za kujengwa upya, ila zimejengwa na wanaojua. Ingia na ndani ya mahandaki. Njia ni finyu, hivyo kama hupendi sehemu zilizobana baki mlangoni, tena vaa nguo usiyoionea huruma. Mwongozaji atakwambia yalichimbwa kwa hofu ya Wamasai. Hiyo ni kweli nusu. Karne ya 19 mamangi wenyewe walipigana, na Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wakubwa. Mtajie majina hayo mawili uone maelezo yanavyobadilika. Kuhusu mlima, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, na simulizi za Marangu zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa mwongozaji wao.

Epuka safari zote za upande wa Moshi kati ya tarehe 20 Desemba na mwaka mpya. Wachagga wanarudi nyumbani, nauli hupanda na viti havipatikani. Oldupai, penye makumbusho mapya yaliyofunguliwa mwaka 2017, paachie likizo ya Juni. Ni ndani ya eneo la Ngorongoro, unahitaji gari na kiingilio cha geti, na mtu mmoja peke yake gharama humlemea. Tafuta walimu wenzako wanne au watano mchange.

Sasa darasa la tano. Boma linawafaa kuliko kwingine kote, na Azimio linafuata. Andika barua yenye nembo ya shule wiki mbili kabla, utaje idadi, umri na saa ya kufika, na omba mhudumu mmoja akae nanyi. Nenda mwenyewe kwanza, uchague vioneshwa sita tu. Watoto zaidi ya kumi hawaoni kitu mbele ya kabati moja, hivyo wagawe makundi ya wanane hadi kumi, kila kundi lianzie mahali tofauti, dakika kumi kwa kila kioneshwa, kila kundi na mtu mzima wake.

Kinachoharibu ziara hizi ni karatasi ya maswali ambayo majibu yake yameandikwa ukutani. Watoto hunakili vibao neno kwa neno, wakirudi hawana walichokiona. Uliza mambo ambayo kibao hakisemi: hiki kilibebwaje, nani alikishika mara ya mwisho, kinakosa nini. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiingereza, kuna zoezi ambalo makumbusho hulitoa bure. Vibao vya makumbusho vimejaa kauli ya kutendwa: boma lilijengwa, viongozi walinyongwa, ardhi ilichukuliwa. Mpe kila mtoto sentensi tatu za namna hiyo aziandike upya kwa kauli ya kutenda. Atakwama papo hapo, kwa sababu mtendaji hayumo kwenye kibao. Itabidi amtafute kwa kuuliza, na akimpata sentensi yake inakuwa ya historia na ya sarufi kwa pamoja.

Mhudumu akieleza kwa Kiswahili usimkatize kwa sheria ya shule ya Kiingereza tupu. Maelezo yake mazuri yako katika lugha hiyo. Waache wasikilize kwa Kiswahili, kisha kesho yake kila kundi lisimulie kwa Kiingereza bila kusoma, dakika mbili mbili.

Old Moshi usiwapeleke bado. Mti wa kunyongea na habari za mafuvu ni mambo ya sekondari, kuanzia kidato cha pili hivi. Tena mwinuko ule na watoto arobaini wa miaka kumi utamaliza siku nzima ukihesabu vichwa.